WASTAAFU KUTOKA NG'AMBO: WALIVYOFIKA, WALIVYOISHI NA WALIPOZIKWA



Katika historia tuliyofundishwa, Mzungu wa enzi ya ukoloni huja kwa sura tatu: mtawala, mmisionari na mlowezi mwenye shamba. Sisi wa Sigino sura hizo hatukuhitaji kuzitafuta vitabuni. Ile Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo Waingereza waliiota kuwa itaunganisha Cape na Cairo, ilipita Babati ikitoka Arusha kwenda Kondoa na Dodoma, na mashamba ya walowezi yalikuwa katika Bonde la Kiru. Lakini palikuwa na sura ya nne ambayo haizungumzwi sana. Huyo ni mstaafu: mtu aliyemaliza kazi yake kwingine, akachukua pensheni yake, akaja kuzeekea Afrika Mashariki. Hakuja kutawala wala kuhubiri, na mara nyingi hata kulima hakujua. Alikuja kukaa.

Yafaa tumchunguze, maana maswali yake yalikuwa ya nyumbani kabisa. Nitalala wapi? Fedha yangu itanifikiaje? Nikiugua nani ataniuguza? Nikifa nitazikwa wapi? Na siku hizi wenzetu tuliosoma nao, walioko Uingereza, Kanada na Uarabuni, wanajiuliza maswali hayo hayo.

Wimbi kubwa la kwanza lilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuwapa maofisa waliotoka vitani mashamba zaidi ya 1,000 nchini Kenya. Mashamba yaligawanywa kwa bahati nasibu, na majina yakachezeshwa Nairobi katika ukumbi wa Theatre Royal kana kwamba nchi ilikuwa mali ya mnada. Si wote waliokuwa wazee, lakini wengi waliishi kwa pensheni au kiinua mgongo cha jeshi. Kundi moja la maofisa waliolemazwa na vita lilipewa ekari 25,000 huko Kericho, katika nchi ya Wakipsigis, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na mradi ukafa katika muda wa miaka michache. Leo eneo hilo ni la chai. Wakipsigis hawakurudishiwa.

Kilichowaumiza wastaafu hao hasa kilikuwa sarafu, zaidi ya jua au simba. Kabla ya mwaka 1920 fedha ya Kenya ilikuwa rupia, na pauni moja ilibadilishwa kwa rupia 15. Mwaka 1920 thamani ya rupia ikapandishwa, na pauni ikawa rupia 10 tu. Hebu fikiri: mzee aliyekuwa akiletewa pauni 10 kwa mwezi alikuwa akipokea rupia 150, sasa akawa anapokea 100, na mshahara wa mpishi na bei ya unga havikushuka kwa sababu hiyo. Aliyekuwa amekopa rupia benki, deni lake lilinenepa usiku mmoja likipimwa kwa pauni. Baadaye, mwaka 1921, ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, ishirini kwa pauni, na kiwango hicho kikadumu miaka mingi. Hapo ndipo mwenye pensheni alipoanza kupumua.

Kuhusu afya waliamini mambo ya ajabu. Madaktari wao walifundisha kwamba miale ya jua la ikweta hupenya fuvu na uti wa mgongo na kumharibu Mzungu akili. Kwa hiyo mzee wa watu alivaa helmeti nzito mchana kutwa, na wengine walifunga kitambaa kinene mgongoni juu ya shati. Imani hiyo ilififia wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari walipotembea vichwa wazi na wasipatwe na kichaa. Hata hivyo, chanzo chake kiliwaongoza vizuri kwa jambo moja: walitafuta nyanda za juu zenye baridi, na huko malaria ilikuwa haba. Walizifuata Nyeri, Nanyuki na mitelemko ya Kilimanjaro. Mabonde yenye mbung'o waliwaachia wengine.

Nyumbani, aliyemfanya mstaafu aishi ni mtumishi wake. Mpishi, boi, mtunza bustani, dobi, na mtu wa kuchota maji na kupasua kuni: bila hao mzee asingemaliza mwezi. Katika Kenya watu hao walilazimishwa kuvaa kipande shingoni ndani ya kikebe cha chuma, kwa sheria iliyotungwa 1915 na kuanza kutumika mara baada ya vita. Leo mstaafu wa Ulaya hutafuta bima na nyumba ya wazee. Yule wa zamani bima yake ilikuwa mtu mwenye kipande. Sioni kwa nini tulipambe jambo hilo.

Lugha nayo? Waliotoka India walishangaa kukuta gari, duka na chapati zimewatangulia. Zaidi ya hapo walisema kile kilichoitwa Kisetla, Kiswahili kisicho na ngeli kilichojaa maneno ya kuamuru. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na jina lake lenyewe lilitaja wasomaji aliowakusudia: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Mstaafu hakutajwa, ila bila shaka alikinunua.

Sasa tuwatazame wawili ambao habari zao zinajulikana vizuri.

Wa kwanza ni Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, ambaye kila aliyewahi kufunga skafu shuleni humu amelisikia jina lake. Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 81 na moyo wake umechoka, alihamia Nyeri na mkewe Olave. Hakujenga jumba. Alijengewa nyumba ndogo ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, mali ya Eric Sherbrooke Walker ambaye zamani alikuwa katibu wake. Gharama zilitokana na zawadi ambayo maskauti wa kiume na wa kike duniani walimchangia kwa kutimiza miaka 25 ya ndoa. Nyumba yake ya Uingereza iliitwa Pax Hill. Hii akaiita Paxtu, akicheza na maneno, yaani Pax ya pili. Kwa maoni yangu mzee huyo alipanga mambo kwa akili: jiko la hoteli lilikuwa hatua chache kutoka kwake, watu wa kumwangalia hawakukosekana, na barua za ndege, zilizoanza kufika Afrika Mashariki mwaka 1931, zilimletea habari za dunia. Alikufa tarehe 8 Januari 1941 akazikwa Nyeri. Majivu ya Olave yaliletwa kaburini humo mwaka 1977.

Wa pili ni Jim Corbett, aliyezaliwa Nainital, India, mwaka 1875, mwindaji mashuhuri wa chui na simbamarara waliokula watu. Huyu alikuwa na uhusiano na nchi yetu pia: pamoja na rafiki yake Percy Wyndham alikuwa na shamba Tanganyika, upande wa Kikafu, na alikuwa akija kulitazama miaka mingi kabla ya kustaafu. India ilipopata uhuru mwaka 1947, yeye na dada yake Maggie, wote wawili hawakuoa wala kuolewa, waliuza nyumba yao ya Nainital, wakaacha kijiji chao cha Chhoti Haldwani mikononi mwa wapangaji wao, wakapanda meli Bombay kuja Mombasa. Mwisho wakakaa Nyeri. Nyumba gani? Ile ile Paxtu.

Corbett hakukaa bure. Vitabu vyake kadhaa aliviandika hapo akiwa amevuka miaka 70. Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alipolala Treetops usiku ule baba yake alipofariki, Corbett alikuwa pale pamoja naye. Lakini tazama historia inavyomfuata mtu. Alikimbia India kwa kuogopa yatakayotokea Mwingereza akiondoka, na Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa Kenya, Nyeri ikiwa katikati ya vita vya Mau Mau. Mwaka 1954 Treetops ikachomwa moto. Mwindaji huyo alikufa tarehe 19 Aprili 1955, na kaburi lake liko katika makaburi yale yale alimozikwa Baden-Powell. Maggie alibaki hadi alipofariki mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru.

Uhuru ulipokaribia, wako wazee waliobaki peke yao mashambani, wagonjwa au wajane, wasioweza kulima wala kuuza. Kwa ajili yao fedha za Uingereza zilitengwa kununua mashamba kwa misingi ya huruma, mbali na ule mpango mkubwa wa ekari milioni moja. Wenye ardhi ya asili hawakuwa na fungu la huruma. Wao walikopeshwa fedha wanunue.

Kwetu Tanganyika mambo yalikwenda tofauti kidogo. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitamka kuwa ardhi yote ni ya umma, na mgeni alipata haki ya kukaa kwa muda usiozidi miaka 99. Ziko chache zilizomilikiwa moja kwa moja tangu enzi ya Wajerumani, lakini mwaka 1963 nazo ziligeuzwa kuwa za kupanga kwa Serikali. Msingi huo umebaki: kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hagawiwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Mstaafu wa kigeni anayetaka kuja kupumzika kando ya Ziwa Babati anaweza kupanga nyumba na kuomba kibali cha ukaazi, lakini hawezi kumpa mzee wa Sigino fedha mkononi akajiita mwenye kiwanja. Kenya wana kibali cha daraja K kwa mwenye umri wa miaka 35 au zaidi na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka.

Hapo ndipo jambo linapotugusa wahitimu. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari hupoteza wa kwetu; suala la hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania limefikishwa Bungeni kwa sababu hiyo. Mwenzetu aliyesoma nasi, akafanya kazi Birmingham miaka 30 na kuchukua pasipoti ya huko, akirudi Sigino hurudi kwa jina la mgeni. Na ajue jambo jingine. Malipo ya uzeeni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila mwaka kwa anayehamia Marekani au Mauritius. Kwa anayehamia Tanzania au Kenya hubaki pale pale yalipokuwa alipohama, hata akiishi miaka 20 zaidi. Aliye bado huko na anafikiria kurudi, aulizie hayo kabla hajafunga mizigo, na kiwanja cha familia asikiache kikiwa na jina lake peke yake bila kuzungumza na nduguze walioko nyumbani.