ELIMU YA LAZIMA KWA KILA MWANAFUNZI

Ndugu msomaji, huenda na wewe umepata kumsikia mzazi akilalamika hivi: "Mwanangu nimempeleka chuo kikuu akasomee uhandisi, leo aniambia yuasomeshwa historia na mambo ya jamii. Haya ni ya nini, na pesa ni zangu?" Maneno haya si ya kudharauliwa, kwani pengine mzazi huyo ameuza minazi yake ili mtoto asome. Lakini swali lake si jipya. Wako waliolijibu kwa vitendo wakayaona matokeo, nasi yafaa tuyatazame yaliyowapata.

Maulamaa wetu waligawanya ilimu mafungu mawili. Iliyo faradhi ya kila mtu haina udhuru. Iliyo faradhi ya kutoshelezana, wakiisimamia baadhi ya watu, wengine husalimika. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameieleza habari hii katika Ihyau Ulumid-Din, na ilimu ya tiba na ya hisabu ameziweka katika fungu hili la pili. Kisha akawalaumu watu wa zama zake: wote wasongamana kwenye fiqhi, na huku miji haina tabibu Muislamu. Na sababu aliitaja waziwazi, kuwa fiqhi ilikuwa njia ya kupatia ukadhi na usimamizi wa wakfu na mali ya mayatima. Basi tangu zamani yajulikana kuwa mtu akiachiwa kuchagua, mara nyingi huchagua kwa tumbo.

Hayo ni ya kwetu. Sasa tutazame Marekani, kwani huko jambo hili lilijaribiwa kwa pande zote mbili.

Chuo cha Harvard kiliasisiwa mwaka 1636. Kwa muda mrefu wanafunzi wake walisoma masomo mamoja, Kilatini, Kiyunani na hisabu, wapende wasipende. Mwaka 1869 akateuliwa mkuu mpya, Charles Eliot, mwalimu wa kemia mwenye umri wa miaka 35, naye akakaa katika cheo hicho miaka 40. Aliona, na katika hili alisema kweli, kuwa vipawa vya watu havifanani, na kuwa ilimu mpya zilikuwa hazipati nafasi. Kidogo kidogo akayaondoa masomo ya lazima, hata ilipofika 1897 halikubakia ila somo moja la mwaka wa kwanza, nalo ni la kuandika Kiingereza.

Faida zilipatikana. Aliyekuwa na hamu ya fani yake aliizamia, na chuo kikapanuka. Lakini mchagua nazi hupata koroma. Wengi waliokota masomo mepesi, moja huku na moja kule, wakatoka na shahada ambayo haikuwa na shina. Watu wawili wenye shahada moja waliweza kukutana na kusiwe na kitabu hata kimoja walichokisoma wote. Mwaka 1909 akashika Abbott Lowell, akaweka kanuni mpya: kila mwanafunzi achague fani moja aijue barabara, na masomo mengine ayatawanye katika fani zilizo mbali na yake.

Katika mji wa New York, chuo cha Columbia kilifundishwa na vita. Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza mwaka 1917, ilionekana kuwa vijana wanaopelekwa vitani yafaa wajue vita hivyo vimetokana na nini. Amani iliporudi, mwaka 1919 chuo kikaanzisha somo juu ya ustaarabu wa zama hizi na matatizo yake, likawa lazima kwa kila mwanafunzi, na hata leo ni lazima. Lakini kwa muda mrefu vitabu vyake vilikuwa karibu vyote vya Wazungu. Baadaye ndipo Qur'ani na maandishi ya Ghazali huyu huyu yakaingia katika yasomwayo. Hapa pana jambo la kuangaliwa: mwenye kupanga masomo ya lazima ndiye pia apangaye yatakayosahauliwa.

Harvard nao walirudi kwenye swali lile. Mwaka 1943 mkuu wao, James Conant, naye pia mtu wa kemia, aliteua kamati itazame elimu imfaayo kila mtu, na ripoti yake ikatoka mwaka 1945. Conant huyo alikuwa miongoni mwa wakuu wa kazi ya bomu la atomiki, lililotupwa Hiroshima mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Sisemi kuwa somo la historia lingalizuia bomu. Nasema kuwa hata mwenye ilimu ile aliona kuwa kemia peke yake haimwambii mtu aitumie wapi.

Na kwetu Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970 kiliwapasisha wanafunzi wa fani zote kusoma Masomo ya Maendeleo, ili msomi aijue nchi na wakulima ambao jasho lao limemsomesha.

Basi ewe mzazi, malalamiko yako yana haki pale somo linapofundishwa ovyo, mamia ya vijana wakarundikwa katika ukumbi mmoja, wakakariri kwa ajili ya mtihani kisha wakasahau. Hilo likemee. Lakini lenyewe somo usilikatae. Mhandisi atajenga daraja, na watakaopita juu yake ni watu. Tabibu atamtibu mgonjwa mwenye lugha yake, mila yake na khofu zake. Mwanao akirudi likizo, usimwulize tu amepata alama ngapi. Mwulize amesoma nini nje ya fani yake, na umsikilize akueleze. Akishindwa kukueleza, hapo ndipo pa kusikitikia pesa zako.