Skrini Nyeusi na Historia Yake

Muhula uliopita baadhi yetu tulikesha tukiweka Linux kwenye kompyuta mpakato ya zamani, ambayo mwenzetu aliihitaji kuandikia tasnifu. Kazi ilikwenda vizuri hadi mwisho. Tulipoiwasha upya, nembo ilionekana, kisha skrini ikawa nyeusi tii. Tulidhani tumeiua. Mwenzetu alinyamaza kimya, maana hakuwa na pesa za kununua nyingine.

Kesho yake tulipata dawa: neno moja tu, nomodeset, lililoongezwa kwenye amri za kuwashia mfumo. Neno hilo huiambia kerneli, yaani kiini cha mfumo, isibadilishe mpangilio wa skrini, bali itumie picha ya kawaida ambayo kompyuta huiandaa yenyewe inapowaka. Picha ikarudi, na baadaye tukaweka kiendeshi kinachofaa. Lakini swali lilibaki: je, kosa lilikuwa letu?

Kiendeshi ni programu inayofanya kazi ya ukalimani kati ya mfumo na kifaa. Anayeiandika lazima ajue kifaa kinaelewa amri zipi. Mtengenezaji akizificha, mwandishi hubaki kupapasa gizani.

Ugomvi huu ni mkongwe kuliko Linux yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman alikuwa mtaalamu wa programu katika chuo cha MIT, Marekani. Maabara yao ilipata printa mpya ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Stallman alitaka kuirekebisha programu yake iwajulishe watumiaji ikikwama, kama walivyofanya kwa printa ya awali, lakini alinyimwa msimbo. Kisa hicho kilichangia kumfanya atangaze mradi wa GNU mwaka 1983, wa kuunda programu huria.

Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kerneli yake. Watu wengi walijitolea kuiendeleza, lakini kadi za michoro ziliwashinda kwa muda mrefu. Kampuni zilizozitengeneza zilikuwa na sababu zao: ushindani ulikuwa mkali, na hazikutaka wapinzani wajue siri za kazi. Nvidia ilitoa kiendeshi cha Linux, ila msimbo wake ulifungwa. Kerneli ilipobadilika, waliosimamia Linux hawakuweza kukirekebisha wenyewe.

Njia mbili zikafuatwa. Ya kwanza ilikuwa kufungua mlango: AMD, iliyoinunua ATI mwaka 2006, ilianza mwaka 2007 kutoa maelezo ya kiufundi ya kadi zake. Ya pili ilikuwa kuchungulia dirishani: watu wa mradi wa Nouveau walitazama jinsi kiendeshi cha Nvidia kinavyozungumza na kadi, wakakisia maana ya kila amri, kisha wakaandika cha kwao. Mwaka 2010 kazi yao iliingia kwenye kerneli. Ni subira ya ajabu, lakini kukisia kuna mipaka. Kadi nyingi zilienda polepole chini ya Nouveau, na nyingine ziligoma kabisa.

Mwaka 2012, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Aalto, Torvalds aliilaumu Nvidia hadharani kuwa ndiyo kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Miaka 10 baadaye, Mei 2022, Nvidia ilitoa msimbo wa sehemu ya kiendeshi chake inayoingia ndani ya kerneli. Sehemu nyingine bado zimefungwa.

Basi kosa halikuwa letu peke yetu. Tulikuwa tumejikwaa kwenye ukuta uliojengwa kabla hatujazaliwa. Nasi wapenzi wa Kiswahili tuna sababu ya kuijali historia hii. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, na hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ili lugha yetu iingie.

Tasnifu ya mwenzetu ilikamilika kwenye kompyuta ileile. Atakayekutana na skrini nyeusi asiitupe mashine yake. Aje chamani, tutakaa naye.