Nishani, Kisanduku na Jina la Askari

Katika masanduku ya nguo ya jamaa zetu wengi zimelazwa nishani za vita vikuu viwili. Waliozivaa wengi wao wamekwisha tutoka. Kwa hiyo tumeona inafaa kueleza hapa jinsi nishani hizo zilivyofungwa na jinsi zilivyomfikia askari, maana asiyejua kitu kilivyokuja hawezi kujua ni sehemu ipi yake ya kutunzwa.

Utaratibu wa Waingereza wa kumpa kila askari nishani ulianza baada ya vita vya Waterloo vya mwaka 1815. Hapo ndipo serikali yao ilipotoa nishani moja ya fedha kwa wakubwa na wadogo sawasawa, na jina la kila mtu likapigwa kwa mashine ukingoni mwake. Baadaye, tarehe 18 Mei 1855, Malkia Victoria alisimama mjini London akawapa nishani kwa mkono wake askari waliorudi kutoka vita vya Crimea. Hivyo zikapatikana heshima mbili: ya kwanza ni jina lililoandikwa juu ya chuma, na ya pili ni mkono wa mtawala.

Heshima ya mkono ilibakia hasa kwa nishani za ushujaa. Nishani ya namna hiyo huwekwa ndani ya kasha lenye kitambaa laini. Katika jumba la mfalme, kabla ya sherehe, kulabu ndogo hutiwa kifuani mwa anayeheshimiwa, ili mfalme asihangaike na pini bali aitungike tu. Mtu akiisha kutoka mbele yake, nishani huondolewa, ikatiwa kashani, akapewa aende nayo. Vitani kwenyewe mambo yalikuwa mepesi zaidi: jenerali alimbandika askari utepe tu mbele ya wenzake, na nishani yenyewe ikafuata siku nyingine.

Lakini nishani za kushiriki vita zilikuwa nyingi mno kutolewa kwa mkono. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 zilitolewa nishani za fedha za Uingereza zipatazo milioni sita na nusu. Kila moja ilitiwa katika kisanduku kidogo cha karatasi ngumu pamoja na kipande cha utepe, ikapelekwa kwa posta ya rejista, na aliyeipokea alitia sahihi katika karatasi ya kukiri akairudisha. Hapakuwa na ngoma wala gwaride. Hata hivyo, ukingoni palipigwa namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, nao waliandikwa vivyo hivyo. Kisanduku kikiliwa na mchwa, nishani yenyewe bado yaweza kusema ni ya nani.

Vita vya pili havikufuata njia hiyo. Mwaka 1943 askari walianza kupewa tepe za nyota mbili za kwanza, ile ya 1939 hadi 1943 na ile ya Afrika, lakini nyota zenyewe hazikutengenezwa mpaka vita vilipokwisha, kwa kuwa chuma na mafundi vilihitajiwa kwa silaha. Ugawaji mkubwa ulianza mwaka 1948. Askari wa Uingereza aliletewa kwa posta kisanduku cha rangi ya kaki, jina lake na anwani yake vimeandikwa juu ya kifuniko. Ndani alikuta nishani katika vibahasha vya karatasi yenye nta, vipande vya utepe, na karatasi iliyopigwa chapa ya kuonyesha ni zipi alizostahili. Lakini juu ya nishani zenyewe hapakuwa na jina. Afrika ya Kusini na Australia zilipiga majina juu ya nishani za watu wao. Uingereza haikufanya hivyo, na askari wa Keya walikuwa chini ya utaratibu wa Uingereza.

Hapa ndipo penye neno letu. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki walipita bonde la Kabaw katika mvua na matope, wakaufikia mji wa Kalewa mwezi wa Desemba 1944. Nyota ya Burma waliyoipata haina alama yoyote ya kuitofautisha na nyota ya mtu mwingine. Ikitoka katika nyumba ya mwenyewe bila maandishi, imekuwa kipande cha chuma tu. Hata kwa askari wa Uingereza aliyekufa, jamaa zake waliwekewa kisandukuni karatasi ndogo ya rambirambi yenye jina lake. Na karatasi hiyo dhaifu ndiyo iliyobeba kile ambacho chuma hakikubeba.

Wapagazi wa vita vya kwanza ndio onyo letu kubwa. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi wakumbusha kikosi chao, na sanamu ya mpagazi imesimama katika barabara ya Kenyatta, lakini majina yao hayakuandikwa pale. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi mno waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina.

Basi yatupasa kufanya wenyewe yale yaliyoachwa. Mwenye kisanduku asikitupe, hata kikichakaa. Mwenye cheti cha kutoka jeshini akiweke pamoja na nishani, wala asivitenganishe wakati wa kugawa urithi. Asiye na karatasi yoyote na aandike leo jina la mwenye nishani, namba yake, kikosi chake, na nchi alizopigana, awaulize wazee wangali wakikumbuka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na jina la mtu ni mali kuliko fedha iliyomo nishanini.