Karatasi ya choo inaanzia mu takataka



Hapa Kasumbalesa, mpakani, tunaishi na karatasi. Kila kamiyo iko na dosie yake: fakture, deklarasio, kopi tatu, kopi ine. Ile iliyoharibika inachomwa na makatoni kando ya barabara. Kisha kamiyo ingine inatuletea karatasi ya choo toka inje, na sisi tunalipa. Njo maana leo nawaletea historia ya kiwanda kimoja cha Kenya.

Chandaria Industries ilianza mwaka 1964, mwaka moja tu baada ya uhuru wa Kenya. Inatengeneza karatasi za choo, servieti na leso za karatasi. Majina yake ni kama Velvex, Toilex na Rosy. Malighafi yake moja kubwa ni karatasi iliyokwisha kutumiwa.

Kazi yenyewe inakwenda hivi: karatasi inakorogwa na maji mu tangi mpaka inakuwa uji. Wino unatolewa, uji unasafishwa, unatandazwa nyembamba sana, unakauka juu ya silinda ya moto. Kisu kinakwangua ile karatasi, njo inapata ulaini. Lakini kila mara nyuzi zinaporudiwa zinakuwa fupi, kwa hiyo lazima kuongeza za miti mipya. Sisi wa agronomia tunajua: nyuzi za msonobari, karibu milimita 3, zinatia nguvu, za mkaratusi, karibu milimita 1, zinatia ulaini.

Kenya hiyo hiyo ilikuwa na kiwanda kikubwa zaidi cha karatasi, Panpaper ya Webuye. Kilianza kutoa karatasi mwaka 1974, kikitegemea miti, na serikali ilikuwa na hisa ndani. Mwaka 2009 kilifungwa, kimelemewa na madeni, na mji mzima uliumia. Sisemi takataka peke yake njo iliokoa Chandaria. Nasema tu kwamba ukubwa si kinga.

Sasa sisi. Tunatembeza diplome tukingoja kazi ya mine. Kiwanda kinataka maji mengi, umeme usiokatika na pesa, na sisi hatuna. Lakini kukusanya karatasi, kuichagua, kuikinga na mvua, kuifunga na kuipima kilo, hiyo inataka paka bashi, mizani na watu watatu wanaoaminiana.

Tunasubiri nani, wakati moshi unapanda kila siku mbele yetu?