Rutuba

Mkulima akisema shamba lina rutuba, anasifu. Lakini neno lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya unyevu tu, na kwa kuta za nyumba hiyo ndiyo maana tunayoihitaji. Tumezoea kusema kila doa la maji “linavuja”, kisha fundi anapandishwa juu ya bati bure. Doa linaloanzia sakafuni, likakomea kama mita moja na kuacha chumvi nyeupe, halikuvuja: ni rutuba iliyopanda kutoka ardhini. La juu, linalotanda mvua ikinyesha, ni la paa. Lisilokauka hata kiangazi, kagua bomba. Inasikitisha kuona nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, za mawe ya matumbawe na chokaa, zikipigwa lipu ya saruji. Saruji huifungia rutuba ndani.