Kingwana: Jina Lililogeuka Lawama

Neno Kingwana, ambalo vitabu vingi vya enzi ya Wabelgiji vililitumia kwa Kiswahili cha mashariki na kusini mwa Kongo, lina asili yake katika waungwana, yaani watu huru wasio watumwa. Katika karne ya 19 waungwana hao, au wangwana, walikuwa watu wa misafara ya pwani waliofika Nyangwe na Kasongo pamoja na wafanyabiashara kama Tippu Tip, na lugha yao ikachukua jina lao. Wamisionari na watawala walipoilinganisha na Kiswahili cha Unguja, jina hilo la heshima likageuka lawama, likawa na maana ya lugha iliyoharibika, isiyoeleweka sawasawa.

Huko Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, Kiswahili hakikuwa lugha ya kwanza ya kazi. Mwanzoni vibarua wengi wa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga walitoka Rhodesia ya Kaskazini, na wasimamizi wa Kizungu waliwaamuru kwa Fanagalo, lugha ya migodini iliyochanganya Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana. Kisha, ajira ilipoelekezwa zaidi ndani ya Kongo, Kiswahili kikatawala katika makambi ya wafanyakazi na kujifinyanga kwa lugha za Wabemba na Waluba. Anayesema batoto beko mu nyumba, pale ambapo mtu wa Unguja angesema watoto wamo nyumbani, hakosei kanuni, kwani ba- ya watu na mu- ya mahali ndivyo viambishi vya lugha hizo. Wenyeji wenyewe huiita lugha yao Kiswahili tu, na kile cha shule na kanisa hukiita Kiswahili bora.

Ushahidi wa wazi zaidi kwamba lugha hii haikuharibika ni Vocabulaire, historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili hicho na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maneno yake yameunganishwa na kukatwa bila mpango mmoja, hata mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, akamhitaji mzungumzaji wa lugha hiyo aisome kwa sauti ndipo maana ikajitokeza. Kumbe maandishi yaliyolifumba jicho la msomi yalikuwa wazi kabisa kwa sikio la mwenye lugha.