Kasha la Ushirika Halifunguliwi kwa Nyundo

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leo tuzungumzie sefu, lile kasha zito la chuma la kutunzia fedha, pale mlango wake unapogoma na ufunguo haujulikani uliko.

Kwa watu wa Bariadi, na Usukuma kwa jumla, kasha la namna hiyo lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walichoka kupunjwa kwenye mizani. Wakaweka watu wao wa kuangalia uzito, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Chama kinachonunua pamba huhitaji fedha taslimu, na fedha taslimu huhitaji chuma na kufuli.

Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika; sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Ofisi inapobadili wenyewe, funguo ndizo hutangulia kupotea.

Kasha likigoma, wengi hukimbilia nyundo na moto wa gesi. Hilo ni kosa. Mara nyingi tatizo ni grisi iliyokauka, kutu, au mlango ulioelemea makomeo. Fundi mwenye subira hutia mafuta mepesi, husubiri, kisha husukuma mlango kwa bega huku akizungusha mpini taratibu. Ikishindikana, hutoboa tundu dogo penye kufuli. Moto huunguza vilivyomo. Tena baadhi ya makasha ya zamani yana asbesto ndani ya kuta, na vumbi lake huharibu mapafu.

Na vilivyomo ni nini? Wengi huota noti. Lakini noti za Afrika Mashariki, zilizotumika kabla hatujapata shilingi yetu Juni 1966, leo hazinunui hata kibiriti. Chenye thamani ni karatasi: daftari la wanachama, stakabadhi za kilo, hati ya kiwanja cha ghala. Siku mtu akija kudai kuwa ghala ni lake, karatasi hiyo ndiyo itakayojibu.

Shime, viongozi wa vyama! Kabla ya kufungua, waiteni wanachama, na kila kitakachotoka kiandikwe mbele yao mchana kweupe. Kasha lililofunguliwa usiku, hata likikutwa tupu, huzaa maneno.